Homa Iliyokuja na Tumbili

Ngala alirudi kijijini Chara kutoka Malaysia, na siku ya tano mama yake, Kadii, akamleta kwenye zahanati yetu ya Garsen akitetemeka. Kipimo cha haraka kilisema hana malaria. Mimi kipimo cha haraka sikiamini. Naamini macho yangu. Niliiweka damu yake chini ya hadubini nikaona vimelea vichache, vimejinyoosha ndani ya chembe za damu kama mkanda kiunoni.

"Hii ni malaria ya upole, mama," nikamwambia Kadii. "Homa yake hupanda siku moja, ikapumzika mbili."

"Ya huyu haipumziki," akasema. "Kila siku saa nne nafukuza tumbili kwenye mahindi. Nikirudi nyumbani, yeye anatetemeka. Tumbili hawajaruka siku, na homa haijaruka."

Nikacheka. Miaka kumi na moja nimekalia kiti kile cha maabara, leo nifundishwe na ratiba ya tumbili? Vidonge vilikuwa vimeisha, na vingine vingefika kesho yake kutoka Hola. Nikamwambia Duba, tabibu wetu, kwamba mgonjwa huyu anaweza kungoja. Jina la ugonjwa nikaliandika daftarini kwa mwandiko wangu mzuri.

Asubuhi Ngala aliletwa amebebwa, macho ya manjano. Nilitazama damu yake tena. Jana nilikuwa navitafuta vimelea. Leo vilijaa kila nilipotazama. Ile malaria ya upole huchukua siku tatu kuzaana. Hii ilichukua moja, na Kadii alikuwa ameniambia hivyo hivyo. Niliona aibu.

"Ngala, huko ulikuwa unalala wapi?"

"Kambini msituni," akajibu kwa shida. "Tulikuwa tunakata miti. Tumbili walikuwa juu yetu usiku kucha."

Hapo nikakumbuka somo la chuoni, lile tulilolipitia mbio kwa sababu halikuwa la kwetu: kimelea cha tumbili wa misitu ya Asia, ambacho mbu humletea mtu. Hufanana na kile cha upole, ila huzaana kila baada ya saa ishirini na nne. Nilikimbia kwa Duba, na sindano ya mshipani, ile tuliyowawekea wenye malaria kali, ikaanza palepale. Siku ya nne Ngala akaomba uji.

Majibu ya damu tuliyoipeleka Nairobi yalichukua wiki tatu. Niliyapeleka Chara mwenyewe, nikamkuta Kadii shambani na fimbo na debe lake la kufukuzia tumbili.

"Wamesema nini?"

"Wamesema ulilosema wewe. Nisamehe, mama. Nilikucheka, na mwanao nusura afe."

Alielekeza fimbo mitini. "Na hawa tumbili wetu, wanayo homa hiyo?"

"Hawa shida yao ni mahindi tu. Ugonjwa ule ni wa misitu ya huko, na mbu wake ni wa huko."

Kadii akatazama jua, kisha akanipa debe na fimbo.

"Basi shika," akasema. "Saa nne inakaribia."