Utabiri Ulioshonwa Kiatuni

Haya nitakayosimulia ni kweli tupu. Nikitia chumvi hata punje moja, sindano yangu ivunjike tundu na gundi inigande midomo.

Mimi ni fundi viatu mstaafu, watu wananiita Soli. Nilistaafu miaka minne iliyopita, lakini mikono haikupata barua, kwa hiyo kila asubuhi nachukua kigoda changu naenda kukaa kwenye saluni ya shemeji yangu kinyozi, kaka wa mke wangu. Kona ya dirishani ni yangu: nyundo, misumari, kopo la gundi. Yeye ana vichwa, mimi nina miguu. Mteja akikaa kwenye kile kiti cha kuzunguka anahudumiwa juu na chini kama gari gereji.

Kabla sijaenda mbali, lazima uzijue sharubu zangu. Ni nene, zimefunika mdomo wote wa juu, na zina umri wa miaka arobaini na miwili. Mtaa mzima unajua zinaficha kovu la chui niliyepambana naye ujanani nikiwa na nyundo tu mkononi. Hadithi hiyo nimeisimulia hadi chui mwenyewe amenenepa; alianza na ukubwa wa paka, sasa amefika ndama. Mke wangu nilimposa nikiwa nazo tayari, kwa hiyo hata yeye hajawahi kuuona mdomo huo. Wewe nitakunong'oneza kwa kuwa hujui nyumbani kwangu: hakuna kovu. Kuna ngozi laini kama ya kitoto kichanga.

Basi uchaguzi wa rais ulikaribia. Wagombea walikuwa wawili, nasi tuliwaita kwa alama zao kwenye karatasi ya kura. Ngazi alikuwa madarakani. Ndoo alitaka kumteremsha.

"Ndoo anachukua mtaa huu mapema kabisa," shemeji alisema siku moja, akinoa wembe. "Watu huchagua kwa kichwa, na vichwa viko kwangu. Kila anayekaa hapa namuuliza, na kila mmoja ananijibu Ndoo."

"Na wewe ni wa nani?"

"Mimi? Ndoo, wazi kabisa."

"Na unapowauliza, wembe unakuwa wapi?"

"Shingoni. Si ndipo kazi ilipo?"

"Shemeji," nikamwambia, "mtu mwenye wembe shingoni hana chama cha upinzani."

Mteja aliyekuwa kitini alicheka hadi akakatwa kidogo. Shemeji akakasirika. Mimi nikavimba kichwa, nikatangaza kwamba watu huchagua kwa miguu. Mtu anayemaliza kisigino cha kiatu, nikasema, ni mwenye kujiegemeza nyuma. Haamini mapya, huyo ni Ngazi. Anayemaliza ncha ya mbele ana haraka, anataka kufika. Huyo ni Ndoo. Nikaongeza kwamba tangu nianze kazi nimetabiri chaguzi saba kwa kutazama soli, sijakosea hata moja. Ukweli ni kwamba ile nadharia ilikuwa na umri wa dakika mbili.

"Tuwekeane dau," shemeji akasema. "Matokeo ya kituo chetu, pale shule ya msingi. Ukipatia, nazima redio yangu hii unayoilalamikia kila siku, mwezi mzima."

"Na nikikosa?"

Akazitazama sharubu zangu kama fisi aliyeona mfupa. "Nazinyoa. Hapa hapa, mchana, mlango wazi. Tulione hilo kovu."

Ningesema hapana. Lakini wateja watatu walikuwa wananitazama, na ulimi wangu hujibu kabla ya mimi kuitwa. Nikakubali.

Wiki mbili zilizofuata nilifanya kazi kuliko nilipokuwa kazini. Kila kiatu kilichofika nilikigeuza, nikasoma soli, kisha nikamuuliza mwenye kiatu atamchagua nani na kwa nini. Niliapa sitamwambia mtu. Mwenye mguu mmoja peku hana pa kwenda, kwa hiyo walinijibu.

Muuguzi wa zahanati alikuwa amemaliza visigino vyote viwili. Nikasema moyoni, huyu Ngazi. Akaniambia Ndoo.

"Umemsikia akisema nini kilichokupendeza?"

"Babu, nimezisoma ilani zote mbili, kurasa mia na ishirini, kwenye zamu. Nikapima, nikalinganisha. Kisha nikakumbuka kwamba yule mwenzangu wa zamu, yule mwenye maringo, ni Ngazi damu damu. Basi."

Dereva wa lori alikuwa na ncha zilizolika hadi kidole kinachungulia. Huyu Ndoo, nikajisemea. Akasema Ngazi, kwa sababu msafara wake ulipopita, kioo kilishushwa akampungia mkono.

"Alikupungia wewe?"

"Tulikuwa wengi kando ya barabara, sikatai. Lakini jicho lilikuwa kwangu."

Mwalimu mmoja mzee alisema atampa kura yule ambaye marehemu baba yake angempa, ila hajui ni yupi, na anasikitika hakumuuliza mapema. Fundi bomba alisema hachagui mtu, anamwondoa mtu. Mama muuza mkaa alisema atampa yule asiyemwahidi kitu: "Anayeniahidi atakuja kuniuliza kama nimeshukuru."

Nikawa nalala na maneno yao. Sikuwahi kudhani viatu nilivyopiga misumari miaka yote hiyo vilikuwa vinabeba watu wa ajabu hivyo. Nilitaka kuwauliza tena na tena. Lakini siku mbili kabla ya kura nilihesabu niliowahoji, watu arobaini na mmoja, na soli zangu zilikuwa zimepatia kumi na tisa. Sarafu ikirushwa hewani ingenishinda.

Hapo ndipo ufundi ulipoingia. Nilimwambia shemeji kwamba utabiri wa mdomo una mbawa, hivyo wangu nitauandika na kuushona ndani ya kiatu, na mke wangu ndiye atakayekitunza. Akaona ni haki. Nikachukua viatu vyangu vyeusi vya harusi. Nikafumua soli ya kushoto, nikatia karatasi, nikashona. Halafu, mke wangu alipokwenda sokoni, nikafumua na ya kulia, nikatia karatasi ya pili. Kushoto NGAZI, kulia NDOO. Matokeo yakija nitafungua mguu unaonifaa, mwingine nitauacha ulale na siri yake. Nikamkabidhi mke wangu jozi nzima. Yeye akaifungia kabatini kwenye kitambaa, bila neno. Ni fundi cherehani, hapendi kelele anapokuwa na kazi.

Siku ya kura tulipanga foleni pamoja tangu asubuhi. Njiani kurudi nikamuuliza, kwa upole, amemchagua nani.

"Kura ni siri, mzee."

"Mama, mimi ni mumeo. Nimekushonea viatu miaka arobaini."

Akatembea hatua kadhaa, kisha akasema, "Niliingia mle na mmoja kichwani, nikatoka nimemchagua mwingine. Kalamu iligusa karatasi, mkono ukaenda kwake. Usiniulize kwa nini. Hata mimi najiuliza tangu pale getini."

Nikazitazama soli zake. Zimelika sawasawa, mbele na nyuma.

Kesho yake asubuhi matokeo ya kituo yalibandikwa kwenye mlango wa darasa. Ngazi mia mbili kumi na nne. Ndoo mia mbili na tisa. Nikaruka kama kijana. Nikamwita mke wangu alete viatu saluni, na nusu ya mtaa ikatufuata.

Nikakishika kiatu cha kushoto juu wakione. Nikapitisha kisu kwenye nyuzi, nikatoa karatasi, nikamkabidhi mwalimu mzee aisome. "NGAZI," akasoma. Watu wakapiga makofi. Shemeji akasimama, uso umemwiva, akaenda ukutani kuizima redio. Nami nikaanza kuwaeleza jinsi visigino vinavyosema.

Mke wangu alikuwa ameshika kiatu cha kulia. Alikuwa akikigeuza taratibu, kidole gumba kinapita pembeni mwa soli, kama anavyopitisha kwenye pindo la nguo ya mteja.

"Mzee," akasema, "hiki kilifumuka lini?"

"Kipi? Hicho? Hakijawahi kufumuka."

"Uzi wa huku ni mpya. Na mishono ni ya kwako, ile unayoruka mmoja ukiwa na haraka."

"Mama, hiyo ni..."

"Shika hapo, kaka," akamwambia shemeji, na kabla sijafika, kisu changu kilikuwa mkononi mwake. Soli ikafunguka kama mdomo wa samaki. Akatoa karatasi, akaikunjua, akawageuzia watu. NDOO.

Halafu muuguzi akaanza kucheka, na kicheko chake kikawaambukiza wote hadi barabarani.

"Kwa hiyo hujui chochote," mke wangu akasema. Hakuwa na hasira. Alikuwa akinitazama kwa hamu, kama mtu aliyeokota kitu asichokijua. "Watu wote wale uliowahoji, hukujua."

"Hakuna anayejua," nikasema. "Nimewauliza. Wenyewe hawajui."

"Hilo ungeliandika kwenye karatasi moja," shemeji akasema, "ungeshinda." Akakikung'uta kiti cha kuzunguka kwa taulo. "Karibu, shemeji. Mlango uko wazi."

Nikakaa. Ningefanyaje? Dau ni dau. Akapaka povu, akanoa wembe mara tatu, zaidi ya ilivyohitajika, na akaanza upande wa kushoto. Wateja wote walisogea. Mke wangu alisogea mbele yao, akaweka kidole chake juu ya mdomo wangu mahali palipokuwa tupu, pa baridi, akapapasa kutoka pembeni hadi chini ya pua.

"Mzee wangu," akasema, "huyu chui alikukwaruza kwa mkia?"

Nilikuwa na jibu, na lilikuwa zuri sana. Lakini wembe ulikuwa bado kwenye nusu ya kulia, nikanyamaza.