Wauzaji Wawili wa Vifuniko

Mtunza stoo wa kiwanda chetu cha juisi alikuwa na mdomo, na wala hakuficha. Dereva akileta mzigo, mama huyo hatii saini mpaka amuulize katokea wapi, nani mwingine alikuwa anapakia huko, na mkewe kajifungua mtoto gani.

Jumatatu asubuhi aliingia ofisini kwa bosi, ambaye ni mume wa dada yake. Ijumaa tulitakiwa kufikisha katoni mia nne kwenye duka kubwa la mjini. Tukikosa, rafu yetu anapewa mwingine.

"Shemeji, vifuniko vya chupa haviji. Kiwanda kinachovitengeneza mashine imekufa."

"Umeanza umbea wako. Kwani nina muuzaji mmoja? Ninao wawili. Huyu akiteleza, nampigia yule."

"Na yule ananunua kwa nani?"

"Hayo yananihusu nini? Aniletee mzigo, basi."

Mtunza stoo akatoa vifuniko viwili, kimoja cha kila muuzaji, akavipindua mezani. Ndani ya vyote viwili palikuwa na nyota ileile ndogo.

"Wanachota kisima kimoja, shemeji. Madereva wao wanapanga foleni geti moja, wanaombana kiberiti."

Bosi akampigia wa kwanza. "Wiki ijayo, mzee wangu, mashine imetuangusha." Akampigia wa pili. "Wiki ijayo, mzee wangu," utadhani wamekaa kochi moja.

Akashika kichwa. Miaka mitatu alikuwa akitutambia kwamba yeye hasimamii mguu mmoja.

"Yupo wa tatu," mtunza stoo akasema. "Yuko mbali, na bei yake imechangamka. Ila anatengeneza mwenyewe, na vinakaa kwenye chupa zetu, nimeshajaribu. Dereva wetu wa sukari anapita mlangoni kwake kesho."

"Umeyajuaje yote haya?"

"Mimi naongea na watu. Wewe unaongea na karatasi."

"Haya, agiza. Haraka!"

Vifuniko vikaingia Jumatano, juu ya magunia ya sukari. Sisi wa mashine tulifunga chupa mpaka vidole vikafa ganzi, na Ijumaa katoni zote mia nne zikatoka.

Jioni hiyo bosi akaja stoo, sehemu ambayo hakuwa na kawaida ya kufika. Akazunguka, akagusa chupa tupu.

"Na hizi, hasa hasa, zinatoka wapi?"

"Vuta kreti ukae, shemeji. Hiyo ni habari ndefu."