Wani wa Koboko

…maana mtu anaweza kubadilisha jina, anaweza hata kubadilisha mji, lakini kujikohoza kule, mara mbili mfululizo kama lori linalokataa kuwaka asubuhi ya baridi, kungetoka kwenye koo moja tu katika West Nile nzima, na pembeni ya koo hilo Kevina Ocokoru amekuwa akilala tangu alipotoka kwao Logiri akiwa bibi harusi, na sasa lilikuwa linamfikia kupitia hedifoni za redio, taa nyekundu ikiwaka juu ya mlango, Arua yote ikisikiliza, likisema, "Haluu, redio? Mimi naitwa Wani. Wani ya Koboko," Wani! Wani gani, jamani, Lawrence Anguyo mzima, mume wake wa ndoa ya kanisani, leo amegeuka Mkakwa, mtu wa kabila la Koboko, kwa simu moja tu… na nyuma yake ikinguruma mashine ya kusaga mahindi, ile ya rafiki yake Yasiri pale karibu na soko la Koboko, kwa hiyo kweli alikuwa huko, hakudanganya aliposema anaenda kwa Yasiri kupumzisha kichwa, na Kevina alishangaa kujikuta, katikati ya hofu, akishukuru kwamba angalau yuko mahali penye unga. "Karibu sana, Bwana Wani," alisema Tahiru, mtangazaji, kijana mwenye sauti ya asali asiyejua lolote, "hapa studio tuko na Mheshimiwa Kevina Ocokoru, diwani wetu, ambaye kesho anapeleka kwa baraza hoja ya kutekeleza sheria ya kamari ya mtandaoni, na tuko na Bwana Afedra ambaye anaipinga. Swali ni ya nani?" "Ni ya Mama Mi…" ilisema sauti, ikajikwaa, ikajiokota, "ni ya mheshimiwa," na Kevina akahisi jasho likimteremka mgongoni chini ya gauni lake la vikao, kwa sababu Mama Mindra ndilo jina ambalo Lawrence amemwita tangu binti yao azaliwe, na kama yeye amelisikia likikatika katikati, basi Afedra naye amelisikia, Afedra aliyeketi mbele yake upande wa pili wa meza, ambaye ujanani alicheza beki timu ya Ombaci wakati Lawrence akiwa golini, miaka yote ile ya kupigiwa kelele mgongoni na sauti hii hii, toka, toka, acha hiyo ni yangu… na kweli, Afedra aliinua macho, akamtazama, na kile kicheko chake cha upande mmoja wa mdomo kikaanza kuchomoza, ndiyo basi, Kevina aliwaza, tumekwisha, maana muda mfupi uliopita mtu huyu alikuwa amewaambia wasikilizaji kwamba kila anayetunga sheria ya kamari aonyeshe kwanza simu za nyumbani kwake, alikuwa anapapasa ukuta akitafuta mlango, na sasa mlango umejifungua wenyewe na kumpigia simu. "Endelea, Bwana Wani," alisema Tahiru, na Lawrence akaendelea, kwa Kiswahili chake cha barabarani, alichokiokota kwa wanajeshi na wafanyabiashara kati ya Oraba mpakani na Yei kule Sudan Kusini, "Mimi nasikia hii sheria yake. Nasema ni muzuri. Lakini kuna kifungu ya tano. Hiyo kifungu inasema polisi ishike mutu yenye anabeti kwa simu, imuweke mbele ya watu, watu wamuone. Sasa mimi nauliza, huyo mutu ni nani?" ni wewe, alijibu Kevina moyoni kabla hajajizuia, ni wewe, mzee wangu, na jibu hilo lilitoka haraka mno, lilimshtua, kwa sababu mbele ya madiwani wenzake alikuwa ameeleza kifungu cha tano kwa maneno mengine kabisa, alisema vijana wa stendi za boda, alisema wanafunzi, alisema wakimbizi kambini wanaopelekewa viunganishi vya tovuti zisizo na leseni mpaka chakula cha mwezi kinaliwa na simu, na yote hayo ni kweli, ameyaona kwa macho yake, lakini kifungu cha tano chenyewe alikiandika siku aliyorudi kutoka kwenye mazishi ya shangazi yake kule Logiri, bado na viatu vya udongo mwekundu miguuni, aliandika kwa hasira akibonyeza kalamu mpaka karatasi ikatoboka… kwa sababu siku hiyo, padri akiwa ameinua mikono juu ya kaburi, watu wote wameinamisha vichwa, Lawrence aliyesimama kando yake, mkono mmoja mfukoni juu ya simu iliyotetema, alinong'ona, kwa furaha safi kabisa ya mtoto, "Amefunga!", na wajomba wakageuka, na watoto wa marehemu wakageuka, na mtu mmoja nyuma akauliza amefunga nini, kaburi?, na Kevina, diwani, mtu wa kuheshimiwa, alitamani aingie yeye chini ya udongo ule, na njiani kurudi nyumbani kwao Awindiri hakusema neno hata moja, naye Lawrence alijaribu mara mbili kumweleza kwamba kipa wa timu iliyofungwa alikuwa ameumia bega na yeye alikuwa amelijua hilo mapema, akanyamaza, na kesho yake akafunga mkoba mdogo akaenda Koboko… "Nakuambia mimi huyo mutu ni nani," ilikuwa ikisema sauti, na mashine ya Yasiri ikawa imezimwa, bila shaka Yasiri mwenyewe ameizima ili rafiki yake asikike vizuri, Kevina aliweza kumwona akiwa amesimama pale na unga kwenye nyusi, "huyo mutu ni mimi. Mimi ilikuwa dereva. Macho ikakataa, daktari akasema weka ufunguo chini, nikaweka. Zamani watu yote ilikuwa inaniuliza. Barabara iko aje? Daraja iko, ama maji imebeba? Tupite leo ama tulale? Mimi nafikiri, nasema, na watu inafuata. Sasa hakuna mutu ananiuliza kitu. Chai iko tayari, kula. Viatu iko hapa, vaa. Simu tu ndiyo inaniuliza. Asubuhi inalia, inaniuliza, leo nani atashinda? Na mimi nafikiri. Nafikiri sana, mheshimiwa," na sauti ikapungua kidogo mahali pale kwenye neno mheshimiwa, ikawa karibu ile ya chumbani, na Kevina akashika ukingo wa meza, kwa sababu nani husema chai iko tayari, nani huacha viatu mlangoni akiwa tayari amechelewa kikao, na alikuwa akidhani huko ndiko kumtunza mtu, kumwondolea kila kitu cha kusumbua kichwa… ile hoja yenyewe, ukurasa kwa ukurasa, aliisomea kamati, akamsomea Mindra kwa simu huko Kampala, akamsomea hata mke wa katekista, na Lawrence alikuwa amekaa palepale sebuleni, miwani puani, na hakuna siku aliyomgeukia akamwuliza wewe unaonaje, mtu ambaye aliwahi kusimamisha msafara mzima Yei kwa kunusa tu hewa, akasema leo hatupiti, na waliopita hawakufika… na kubeti, jamani, nani alimficha kwamba huyu ni mtu wa kubeti, alianza naye hivyo, pale uwanja wa Ombaci, yeye msichana na dumu lake la maji amesimama kutazama mpira, na kipa mrefu mwenye miguu ya korongo akamwambia kabla ya mechi, tukifungwa leo nakubebea hilo dumu mpaka kwenu, na wakafungwa, wakafungwa vibaya, na akalibeba dumu mpaka Logiri juani, akiwa bado na jezi yake ya kipa mwilini, akibadilisha bega na kusimulia kila goli lilivyoingia bila kumlaumu beki hata mmoja, na alipofika kwao mama yake Kevina akauliza huyu kijana ni wa nani, na Kevina akajibu ni wangu, akacheka, akakimbia ndani… "Lakini Bwana Wani," Tahiru aliingilia kwa upole, "wewe unataka watu waachwe wabeti tu?" "Hapana!" na hapo Lawrence akapandisha sauti, "Mimi nasema inanikula. Nimejaribu kuacha, nimeshindwa, nafuta kwa simu, inarudi na jina ingine. Mimi nataka sheria! Mimi naomba! Mufunge hiyo kampuni haina leseni, mufunge namba yenye inapokea pesa, mufuate mukubwa yenye anakula. Lakini mimi mutanifunga ya nini? Mimi nitatoka jela, nitaenda wapi, si kwa simu tena?" na Kevina aligundua kwamba Afedra alikuwa hacheki tena, Afedra ambaye asubuhi yote alikuwa akirudia neno moja, kwamba tovuti hizo hazina mlango wala anwani, askari wa Arua ataishia kuwakamata wanyonge stendi, na yeye Kevina alikuwa akimjibu kwamba anatetea mawakala wa kamari wanaompa kura, na pengine ni kweli anawatetea, lakini hata hivyo askari angeishia stendi, au angeishia Awindiri, kwenye kiti cha mbao kibarazani ambapo mzee mmoja hukaa asubuhi akifikiri sana, na wangemwinua kwa kwapa, na wangemsimamisha mbele ya watu kwa kifungu kilichoandikwa na mkewe… "Asante, Bwana Wani, usikate simu," alisema Tahiru, "Mheshimiwa, jibu lako," na Kevina akafungua mdomo, akakohoa, na mkono ukavuka meza, mkono wa Afedra, ukasukuma glasi yake ya maji mpaka mbele ya Kevina, taratibu, bila sauti, na Afedra akainamisha kichwa akatazama kucha zake kama mtu asiyejua huyu Wani ni Wani yupi, wala hakumjua tangu azaliwe, na fadhila hiyo nusura imtoe Kevina machozi, kwa sababu adui angeweza kumaliza kazi kwa sentensi moja, naye amechagua kuwa beki.

Akanywa. Angeweza kusema nashukuru kwa swali lako zuri, msikilizaji wetu wa Koboko, kamati italitazama, sentensi hiyo anaijua kwa moyo, na kesho hoja ingepita na vifungu vyake vyote, na siku moja Lawrence angerudi kwa basi na mkoba wake mdogo na debe la unga kutoka kwa Yasiri, wasingesema lolote, wangekula, wangelala, na huyu Wani angelala katikati yao mpaka kufa… au angeweza kusema lile jingine, na kabla ya saa sita wanawake wa sokoni wangekuwa wanapokezana habari juu ya nyanya, kumbe mume wa mheshimiwa, kumbe kwake mwenyewe, na wangecheka, na wapinzani wangebandika jambo hilo kila ukuta wakati wa kampeni, aliyaona hayo yote waziwazi, hakujidanganya, aliogopa, na chini ya woga kulikuwa na kitu kingine chenye joto, cha zamani, kilichotaka kucheka na kukimbia ndani, maana mwanaume mzima ameazima jina la watu na mashine ya rafiki na laini ya redio ili tu apate nafasi ya kuzungumza na mke wake… "Mheshimiwa?" alisema Tahiru, taa bado nyekundu, na kwenye hedifoni ikasikika pumzi ya mtu anayesubiri, nzito, yenye ule mluzi mdogo wa pengo la jino la mbele, na Kevina akakisogelea kipaza sauti, akasema, si kwa sauti ya baraza, kwa ile nyingine, "Baba Mindra," na akaona kwa pembe ya jicho Tahiru akiduwaa, mkono juu ya mitambo, "hicho kifungu cha tano nimekiandika vibaya. Kesho nakibadilisha. Wewe unaonaje, tukiandike vipi?" na huko Koboko kikasikika kiti kikivutwa, halafu mtu akikaa vizuri, kama anayejiandaa kufikiri.