Maji Yaliyoingia Kwenye Jaketi

...bomba liwe chini, jaketi lipinduliwe, hewa ijae kwanza ndipo ubonyeze kitufe ili hewa yenyewe iyasukume maji yatoke, ndivyo alivyofundishwa Ambokile, mzamiaji wa uokoaji, na ndivyo anavyofanya sasa kwenye ukingo wa shimo la machimbo ya zamani hapa Itiryo, shimo lililojaa maji ya masika, watu wamesimama juu ya kifusi wanamtazama, na maji yanatoka, ya kahawia, yanatoka tu, jaketi moja la kuelea linabebaje maji yote haya... "Kaka Ambo, pumzika kwanza," anasema Philomena, mshika kamba wake, apumzike vipi na mkono huu, kwa sababu alimpata, Philomena hajui, hakuna ajuaye, alimpata Waitara kule chini gizani, Waitara aliyejitosa kumwokoa ndama, ndama akatoka mwenyewe na sasa yuko pale anatafuna majani, hana habari, alimpata akamshika mkono, akalijaza jaketi hewa wapande wote wawili, tope likawaachia ghafla, wakapaa, na hewa kadiri unavyopanda ndivyo inavyovimba, lazima uinue bomba juu ya bega uitoe, la sivyo unafyatuka na mapafu yanapasuka, na bomba ni la mkono wa kushoto, na wa kushoto ulimshika mtu, wa kulia umeng'ang'ania kamba, si ungeiachia kamba, Ambokile, kamba inaliliwa na nani... akauachia mkono. Akainua bomba, akabonyeza, kwa hofu akabonyeza kupita kiasi mpaka maji yakaingia, haya haya, yameingia pale pale alipomwachia mtoto wa watu, akaibuka, akavua miwani, akasema, "Sijaona kitu," na uongo ukatoka laini kabisa, na sasa atasema nini, atasema kitufe kina mchanga, hawezi kuzama tena, wasubiri wazamiaji wengine kesho, nani atabisha, nani hapa anajua kitufe, anaogopa, Mungu wake anajua anavyoogopa, mke wake yuko Mbeya anadhani leo wako kambini wanaosha vifaa... "Mura, kijana wangu," sauti iko karibu, ni Nyangi, mama yake Waitara, ameshika beseni, "Shikamoo mama," "Marahaba. Hayo usiyamwage chini, yametoka aliko," na anachuchumaa, anakinga, maji yakimwagika hayazoleki, wanasema, na huyu mama anayazoa, tone kwa tone, hata yale ya kwenye nyasi anayafuata kwa kiganja, na Ambokile anaona aibu, aibu ya kweli, anausikia mdomo wake unasema, "Mama, nilimpata. Nilimshika mkono, nikamwachia," Philomena anageuka, na Ambokile anangoja tusi, anangoja fimbo, fimbo ingekuwa nafuu, lakini mama hainui macho kwenye beseni, anauliza taratibu, "Mkono ulikuwa wa baridi?" ...na hajui, angejuaje, alivaa glavu, glavu nene za mpira, alimshika mtoto wa huyu mama kama mtu anayeshika sufuria ya moto, na maji bado yanatoka na kitufe bado kiko chini ya kidole chake, na kitufe hakina mchanga wowote, ni kizima, atarudi chini, kamba atamfunga Waitara, na atazama bila glavu, mikono mitupu, ili akiulizwa tena awe na la kumjibu mama.