Kozi ya Tatu Chini ya Dirisha

Mwalimu wa hesabu mwenye miaka arobaini na moja, anayeinamia fungu la midoli ya mtumba pale soko la Mwanjelwa, Mbeya, kila Jumamosi, lazima asemwe. Eveline alisemwa sana. Wauzaji walimuuliza ana watoto wangapi. Akijibu kuwa hana, wanamtazama kwa huruma, kisha wanampunguzia bei. Huruma hakuihitaji, bei aliipokea. Alikuwa anatafuta vitofali vyekundu vya plastiki, vile vya kubana kimoja juu ya kingine. Upande wa pili wa fungu hilohilo aliinama mwenzake Muhidini, muuza vipuri vya pikipiki mwenye mvi zake, akitafuta vya kwake.

Wawili hao walikuwa na sheria zao: hakuna gundi, hakuna kukata kitofali kwa kisu, na ukiiga jengo, liige kama lilivyo. Muhidini aliwahi kubomoa msikiti alioujenga wiki tatu kwa sababu dirisha moja lilizidi. Watu wazima na akili zao.

Mwaka huu Eveline alikuwa anajenga nyumba ya kwao Ipogolo, Iringa. Baba yake, mzee Sosthenes, fundi mwashi aliyejenga nusu ya nyumba za matofali ya kuchoma za mtaa ule, alipigwa na kiharusi mwezi wa pili, mkono wa kulia ukalala. Daktari hakuficha: mkono usipofanyishwa kazi miezi hii ya mwanzo, huenda usiamke tena. Mzee akapewa mpira wa kuminya, akauacha kwenye kochi. Eveline akampelekea mfuko wa vitofali, mzee akausukuma kando, akasema yeye chekechea alishamaliza. Frida, mdogo wake Eveline anayekaa na baba, alilia kwenye simu kila wiki. Eveline naye aliogopa, tena sana, ila aliogopa huku anajenga. Alijiambia kwamba nyumba yake mwenyewe mzee hataacha kuigusa.

Alifuata picha ya zamani, iliyopigwa nyumba ikiwa mpya, akihesabu tofali mojamoja kwa kioo cha kukuzia. Likizo ya mwezi wa sita ilipofika aliipakata nyumba ile kutoka Mbeya mpaka Iringa, na hakuna kitofali kilichochomoka.

Mzee alikuwa barazani. Walisalimiana, kamwene kwa kamwene kama Wahehe wasalimianavyo, mzee akauliza habari za baridi ya Mbeya, kisha nyumba ikawekwa mezani mbele yake. Mzee aliizungusha taratibu kwa mkono wa kushoto, akatazama paa, akatazama mlango. Alipofika ukuta wa dirisha la chumbani uso ulimbadilika, akaanza kuchomoa vitofali na kuvitupa mezani. Frida alitoka ndani akasimama mlangoni. Kazi ya miezi mitatu ilikuwa inabomolewa, na Eveline aliona kwamba badala ya kumsaidia baba yake amemkera.

"Nani kakwambia habari za kozi hii?" mzee akauliza.

Eveline akasema hakuambiwa na mtu, ameona pichani. Kwenye kozi ya tatu, yaani safu ya tatu ya matofali chini ya dirisha, mishono ya tofali na tofali ilikaa juu ya mishono ya safu ya chini yake, matofali manne mfululizo, jambo ambalo hata mwashi anayejifunza hathubutu kulifanya, kwa kuwa ukuta wa namna hiyo hupasuka. Yeye alidhani ni urembo.

"Urembo," mzee akarudia, akacheka kicheko cha upande mmoja.

Ndipo akawaeleza. Ulikuwa msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, na siku ya kupanga kozi hiyo aliunywa kupita kiasi, yeye aliyewafukuza vibarua kwa harufu tu ya ulanzi, yeye mzee wa kanisa. Kulipokucha udongo ulikuwa umekauka na fremu ya dirisha imeshakaa. Aliona haya kubomoa mbele ya vibarua wake. Ukuta haukupasuka, Mungu huwahurumia hata walevi.

"Mama yenu aliona," alisema. "Hakuniambia neno. Alipanda pasheni pale, ikatambaa ikafunika. Ikifa, anapanda nyingine. Mpaka amekufa hajanitajia."

Mabinti walitazamana. Miaka yote waliamini baba anapenda pasheni, wala hawakuwahi kujiuliza mbona hali hata moja. Frida akajifuta macho kwa kanga.

Mzee hakuwangoja wamalize kulia. Alisema ukuta hauwezi kubaki vile, kozi ianze na nusu tofali ndipo mishono ipishane. Eveline akapekua mfuko, akapata kitofali kifupi chekundu, akamnyooshea upande wa kushoto.

"Usinipe," mzee akasema. "Weka mezani. Nitaokota mwenyewe."

Mkono wa kulia ulitoka mapajani, ukatambaa mezani polepole. Vidole vikakishika kitofali, kikaponyoka, vikakishika tena. Eveline aliikalia mikono yake mwenyewe, asije akamsaidia.