Kikokotoo cha Siméon

Siméon alikuwa anapukuchua mahindi na mama yake nyumbani Litapunga alipohisi kidole kinamgusa mbavuni, kikahama, kikamgusa tena. Mdomo wake ukasema, "Mia moja na nane."

"Mia moja na nane nini?" Marta aliuliza.

"Sijui, mama. Thelathini na sita nukta tano."

Marta alimgusa shingoni, akaona hana homa, akachukua hindi jingine. Siméon aliacha kazi. Alishaelewa. Huko mjini Mpanda, mtaa wa Shanwe, kuna mtu alikuwa anabonyeza kitufe cha kijani.

Kitufe hicho alikichora yeye. Msimu mzima wa mvua alipanda baiskeli kwenda duka la kutoa kopi la akina Eustace, kwa sababu Eustace alikuwa na kompyuta na Siméon alikuwa na kichwa. Aliandika kikokotoo kuanzia mstari wa kwanza: dirisha dogo la kijivu, tarakimu katikati, alama za hesabu pembeni, na chini kabisa kitufe cha jibu, cha kijani, kipana kuliko vyote, ili hata kidole cha mkulima kisikikose. Kuchora vitufe si kazi. Kazi ilikuwa kukifundisha kila kimoja la kufanya kikiguswa: tatu ikifuatwa na saba isomeke thelathini na saba, si kumi; mtu akigawa kwa sifuri, programu isizimike, iseme tu kwamba haiwezekani. Eustace alikaa pembeni akitafuna karanga. "Kaka, wewe ni noma," alisema kila mara. Juu ya dirisha Siméon aliandika: Kikokotoo cha Siméon.

Kilipokamilika, alimleta Eustace nyumbani. Marta alitoa pombe ya mtama, akampa mgeni mrija, wakanywa wote kwenye chungu kimoja, kama walivyofanya babu zao kule Burundi. Aliyepewa mrija kwenye chungu cha nyumba si mgeni tena. Eustace alivuta, akafuta mdomo, akasema kuanzia leo Marta ni mama yake.

Sasa Siméon aliendesha baiskeli hadi Shanwe, akijibu hesabu njia nzima. Alimkuta Eustace kwenye kompyuta. Juu ya dirisha palisomeka: Kikokotoo cha Eustace. Mengine yote yalikuwa vilevile, maana Eustace hakujua kubadilisha kingine.

"Eustace, umefanya nini?"

"Tulia, kaka. Shindano la programu linataka jina moja. Na kompyuta ni ya kwetu." Akabonyeza.

"Tisini," alisema Siméon.

"Unaona? Kinapiga kazi."

Mshindi angepelekwa Dodoma kusomea programu, amelipiwa kila kitu. Siméon hakuwa na njia nyingine ya kufika huko.

Litapunga walizoea upesi. Kanisani padri alikuwa anangoja amalize kutaja jibu, kisha anaendelea na mahubiri. Dada yake, Providence, aliwatania majirani, "Nyie kompyuta zenu zinakula umeme. Yetu inakula ugali tu."

Siku ya shindano, ukumbini mjini Mpanda, Eustace alibonyeza mbele ya majaji na majibu yakatoka kiti cha nyuma. Siméon alisimama.

"Kijana, una shida gani?" aliuliza jaji mkuu, Madamu Lusia.

Siméon alifungua mdomo kusema kwamba kazi ni yake. Eustace aliinamia kompyuta.

"Tisa," alisema Siméon.

Watu walicheka.

"Nakuuliza mara ya mwisho. Una madai yoyote?"

Siméon alivuta pumzi mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. "Mia nne."

Madamu Lusia alimtazama kwa makini. Alikuwa ameona kwamba kompyuta haina spika na kwamba majibu yote yanatoka kwa kijana huyu. Akamwomba apunguze sauti, asiwasumbue washiriki wengine. Kisha akamkabidhi Eustace ushindi.

Eustace alikwenda Dodoma, akawagawia wenzake kikokotoo. Siméon sasa hujibu kuanzia asubuhi hadi madarasa yafungwe. Marta humpa asali ya kulainisha koo. Vidole vingine hajui ni vya nani, lakini cha Eustace anakitambua: kinagusa nusunusu, kama cha mtu anayeonja chungu cha moto.

"Mpe jibu la uongo," Providence alimwambia wakipalilia mpunga. "Mara moja tu, mbele ya walimu wake. Aumbuke."

Siméon aliliwaza hilo wiki nzima. Mchana mmoja, shambani, kidole kile kikaja, kikitetemeka. Bila shaka kilikuwa mbele ya watu. Moja. Mbili. Kuzidisha. Moja. Mbili.

"Ni yeye," alisema Siméon.

Providence aliacha jembe. "Haya! Mwaga!"

Siméon aliandaa mia moja na arobaini na tano. Aliiweka juu ya ulimi, akaibana kwa meno. Kitufe cha kijani kikabonyezwa, mdomo ukafunguka.

"Mia moja na arobaini na nne."

Providence alisonya. "Kwa nini, Siméon?"

"Kikokotoo nilikiandika vizuri."

Alihisi makofi ya Dodoma yakimpita kifuani. Akainua jembe, na kidole kikaanza tena.