Mananasi ya Ramadhani

Kuna miaka pale Mwandiga, ukiwa huna shamba la mananasi hata posa yako haisikilizwi. Malori yalipanga foleni, watu wakang'oa mihogo mpaka uani kupisha mananasi, na Eliakimu akaezeka bati jekundu ambalo, kwa maneno yake, lilionekana hadi Kongo. Kisha kila mtu akawa na mananasi. Malori yakahamia kwingine, mbuzi nao wakaanza kuyasusa.

Mke wa Eliakimu, Wema, hakupiga kelele. "Baba Erasto, nakupa msimu mmoja. Ukishindwa kuyauza tunang'oa yote, turudishe mihogo."

Eliakimu akakubali haraka, maana alikuwa na siri. Gasper, fundi wa kuchomelea wa Katubuka, alikuwa amemvuta nyuma ya karakana akamnong'oneza: chukua kijiwe cha kabaidi, kile cha kutengenezea gesi ya kuchomelea, kitie katikati ya mnanasi na maji kidogo. Utachanua utake usitake. Ukipiga hesabu ya miezi vizuri, nanasi linaiva Ramadhani, msimu umeshapita, na Bi Hasna wa Ujiji, muuza juisi ya futari, anayatafuta kwa tochi.

"Usimwambie mtu," Gasper alisema. "Nakupa wewe tu, kwa sababu ya undugu."

Basi Eliakimu akawa anatia vijiwe alfajiri, amejitanda kanga ya mkewe. Jirani yake Feliksi alipomuuliza anainamia nini, alijibu ameangusha simu. Ajabu, siku hizohizo Feliksi naye alikuwa ameangusha simu shambani kwake. Eliakimu alimhurumia sana.

Mananasi yakaiva. Siku ya kwanza ya mfungo, Eliakimu alijaza guta lake la magurudumu matatu akaenda Ujiji anaimba. Alipokata kona ya sokoni, akakamata breki. Maguta ya Mwandiga nzima yalikuwa pale, yamesheheni mananasi. La mbele kabisa, la Feliksi.

"Yewe Feliksi! Si ulikuwa unatafuta simu?"

"Niliipata," Feliksi alijibu akitazama pembeni. "Yako je?"

Bi Hasna alicheka mpaka ushungi ukamteleza. "Nyie watu wa Mwandiga, nimefunga mimi, msinichekeshe! Nina blenda, sina kiwanda." Akachukua machache kwa Feliksi aliyewahi. "Wengine mnisamehe. Pelekeni misikitini."

Wakapeleka. Jioni ile Ujiji ilifuturu mananasi, na Eliakimu akarudi na dua nyingi kuliko za haji.

Asubuhi alisimama shambani na jembe begani. Ng'ambo ya mpaka wa mashamba yao, Feliksi naye na jembe lake.

"Unang'oa?" Feliksi aliuliza.

"Nang'oa. Na wewe?"

"Nang'oa. Haya, anza."

"Wewe ndiye mkubwa, kaka. Tangulia."

Hakuna aliyetangulia. Eliakimu alikuwa anawaza: kijiji kizima kiking'oa, atakayebaki na mananasi mwakani atakuwa peke yake. Akamtazama Feliksi usoni, akaona wazo lilelile limekaa pale, limekunja nne. Alitaka kusingizia mgongo, Feliksi akamuwahi: "Leo kiuno kinanisumbua."

Wema akatokea na mzigo wa pingili za mihogo kichwani. Akautua. Akawatazama wanaume wale wawili, kisha akanyoosha mkono kwa mumewe. Eliakimu akampa jembe.

Mnanasi wa kwanza ulitoka na mizizi yote.

"Usisimame kama uko msibani, Baba Erasto," alisema akiuendea wa pili. "Shika pingili."

Eliakimu akashika.